Hans Meyer (mwanajiografia)

Hans Heinrich Josef Meyer (22 Machi 1858 – 5 Julai 1929) alikuwa mwanajiografia, mchapishaji wa vitabu na mpanda milima kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa sababu tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo, sehemu ya juu kabisa ya mlima Kilimanjaro na ya bara lote la Afrika.

Sifa hiyo imefunika kazi yake nyingine ambayo kwa sayansi ina uzito zaidi. Meyer alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuonyesha kwamba barafuto za milima ya tropiki ziliwahi kuteremka mbali chini kuliko zilivyo leo, kisha zikarudi juu, na kwamba mabadiliko hayo yanahusiana na kutanuka na kunywea kwa barafu ya nchi za kaskazini na za ncha za dunia. Mwaka 1911, katika safari yake ya mwisho ya Afrika, alipita Bukoba na Karagwe akielekea Rwanda na Burundi.

Alikuwa pia mtetezi wa ukoloni wa Kijerumani hadi mwisho wa maisha yake, na habari zake haziwezi kuelezwa vizuri bila upande huo.

Ukoo na masomo

Meyer alizaliwa katika mji mdogo wa Hildburghausen, mkoani Thuringia. Babu yake, Joseph Meyer, alianzisha mwaka 1826 kampuni ya uchapishaji iliyoitwa Bibliographisches Institut, iliyopata umaarufu kwa kamusi elezo kubwa ya Kijerumani, Meyers Konversations-Lexikon. Baba yake, Herrmann Julius Meyer, aliihamishia kampuni hiyo Leipzig mwaka 1874. Hans alikulia basi katika nyumba ambamo kukusanya maarifa ya dunia nzima na kuyapanga kwa alfabeti ilikuwa biashara ya familia. Ndugu yake Herrmann alikuwa mpelelezi pia, aliyesafiri kwenye mto Xingu nchini Brazil.

Alisoma Leipzig, Berlin na Strassburg, akapata shahada ya udaktari. Kisha alizunguka dunia kwa takriban miaka miwili, akipitia Uhindi, Asia ya Mashariki, Ufilipino na Amerika Kaskazini. Mwaka 1884 aliingia katika kampuni ya familia. Fedha za kampuni hiyo ndizo zilizogharimia safari zake. Hakuhitaji kuomba msaada wa serikali wala wa chama chochote. Mwaka 1891 alimwoa Elisabeth, binti wa mwanabiolojia Ernst Haeckel.

Leipzig ya wakati ule ilikuwa mahali pazuri pa kujifunza habari za barafu, ingawa mji wenyewe uko kwenye tambarare na hauna mlima wa maana. Kwa muda mrefu watu wa Ujerumani ya kaskazini walishangaa kuona mashambani mwao mawe makubwa ya aina isiyopatikana katika nchi yao, bali Uswidi na Ufini. Wengi waliamini kwamba yaliletwa na vipande vya barafu vilivyoelea juu ya bahari ya zamani. Mwaka 1875 Mswidi Otto Torell, aliyekuwa amefika Spitsbergen katika Aktiki na kuziona barafuto za huko kwa macho yake, alitembelea machimbo ya chokaa ya Rüdersdorf karibu na Berlin. Huko aliona mikwaruzo juu ya mwamba iliyofanana na ile ya chini ya barafuto za kaskazini. Akasema kwamba barafu yenyewe, si bahari, ndiyo iliyofika hapo kutoka Skandinavia. Hermann Credner, profesa wa jiolojia mjini Leipzig, alikuwa miongoni mwa waliochukua wazo hilo na kulitafutia ushahidi katika Saksonia. Baadaye ilithibitishwa kwamba barafu ya kaskazini iliwahi kuifunika hata sehemu ulipo mji wa Leipzig, na mto Elster unaopita hapo umetoa jina kwa moja ya enzi za barafu za Ulaya.

Meyer alikuwa kijana wa miaka 17 wakati Torell alipofika Rüdersdorf. Swali lililobaki wazi lilikuwa: je, ubaridi huo ulikuwa jambo la Ulaya na ncha za dunia tu, au uliigusa dunia yote, hata ikweta?

Safari tatu, 1887–1889

Habari za theluji juu ya Kilimanjaro zilikuwa zimefika Ulaya mwaka 1849 kupitia mmisionari Johannes Rebmann, na mabingwa kadhaa wa London walikataa kuziamini. Karl Klaus von der Decken alipanda hadi zaidi ya mita 4,000 mwaka 1862 na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Wachagga hawakuhitaji uthibitisho huo; walikuwa wakiishi chini ya Kibo kwa karne nyingi na maji ya mifereji yao yalitoka kwenye mitelemko yake.

Meyer alifika mara ya kwanza mwaka 1887 pamoja na afisa mmoja aliyeitwa von Eberstein. Alipanda hadi chini ya ukuta wa barafu wa Kibo, akakwama kwa sababu hakuwa na vifaa vya kukata ngazi katika barafu.

Mwaka 1888 alirudi na msafara mkubwa pamoja na Oscar Baumann wa Austria. Walifika Usambara tu. Wakati huo watu wa pwani waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyokuwa imechukua utawala wa bandari, wakiongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi. Wapagazi wa msafara walitawanyika, na Meyer na Baumann walikamatwa wakirudi Pangani, wakafungwa minyororo. Waliachiwa baada ya fidia kubwa kulipwa. Abushiri mwenyewe alinyongwa na Wajerumani mjini Pangani mwezi Desemba 1889, miezi miwili baada ya mateka wake wa zamani kusimama juu ya Kibo.

Safari ya tatu ilipangwa kwa uangalifu zaidi. Msafara ulikuwa mdogo, na Meyer alimchukua Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya mwili kutoka Salzburg na mmoja wa wapandaji hodari wa Alpi. Walikaribishwa Marangu na Mangi Mareale. Walijenga kambi kadhaa kati ya Marangu na tandiko lililo kati ya Kibo na Mawenzi, na chakula kilikuwa kikiletwa kutoka chini kila baada ya siku chache, ili kushindwa mara moja kusiwalazimishe kurudi pwani. Katika kambi ya juu alibaki pamoja nao Mwini Amani wa Pangani, aliyevumilia baridi kwa siku nyingi na bila yeye mpango wote usingewezekana.

Tarehe 3 Oktoba Wazungu hao wawili walikata ngazi kwa shoka katika barafuto ambayo Meyer aliita Ratzel, kwa heshima ya mwanajiografia Friedrich Ratzel wa Leipzig, wakafika ukingo wa kasoko wakiwa wamechoka kupita kiasi. Walirudi chini, wakapumzika, na tarehe 6 wakafuata njia ile ile hadi mahali pa juu kabisa. Meyer alipaita Kaiser-Wilhelm-Spitze, jina la mfalme wa Ujerumani. Alichukua jiwe la kilele, na nusu ya jiwe hilo alimpa mfalme, likawekwa katika ukumbi wa jumba la Neues Palais mjini Potsdam. Alikadiria kimo cha mlima kuwa zaidi kidogo ya mita 6,000. Vipimo vya baadaye vimeonyesha mita 5,895.

Tangu maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1989 imesemwa mara nyingi kwamba Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alikuwa kiongozi wa njia wa Meyer, na jina lake limewekwa kwenye kumbukumbu langoni Marangu. Meyer hamtaji katika kitabu chake. Hilo peke yake halithibitishi kitu, kwa kuwa vitabu vya wasafiri wa wakati ule huwataja wapagazi na viongozi wachache tu kwa majina.

Kurudi mwaka 1898

Kama Meyer angeishia hapo, angebaki mtu wa kilele tu. Lakini mwaka 1898 alirudi Kilimanjaro pamoja na mchoraji Ernst Platz kutoka München, safari hii si kwa ajili ya kilele bali kwa ajili ya barafu yenyewe. Alipanda tena hadi ukingo wa kasoko na kuchunguza pande za kaskazini na magharibi ambazo Wazungu walikuwa hawajazijua.

Aliona mambo mawili, na yote mawili yalimshangaza.

La kwanza ni kwamba barafu ilikuwa imepungua katika miaka tisa tu. Pengo la ukingo wa kasoko, ambalo mwaka 1889 lilikuwa limebanwa na barafu, sasa lilikuwa pana, na ncha za barafuto zilikuwa zimerudi juu. Meyer aliweza kusema hivyo kwa sababu alikuwa ameandika na kuchora alichokiona mara ya kwanza. Huo ndio mwanzo wa kumbukumbu ya barafu ya Kilimanjaro, na kila kipimo kilichofuata kinalinganishwa, moja kwa moja au kwa njia ya wengine, na daftari lake.

La pili lilihusu zamani za mbali zaidi. Barafuto ni barafu inayoteremka polepole sana kwa uzito wake. Inapoteremka hubeba mawe na udongo, huukwaruza na kuulainisha mwamba ulio chini yake, na pale inapoishia huacha tuta la kifusi ambalo wanajiolojia huliita moreni. Barafu ikiyeyuka na kurudi juu, tuta hubaki. Kwa hiyo mtu anayekuta moreni mahali ambapo hakuna barafu anajua kwamba barafu iliwahi kufika hapo na kusimama kwa muda mrefu. Meyer alikuta matuta ya namna hiyo pamoja na miamba iliyolainishwa mamia ya mita chini ya barafuto za wakati wake, hata katika maeneo ambayo leo yana nyasi na mimea ya mwinuko.

Hakuwa wa kwanza kuona ishara hizo katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1893 Mwingereza John Walter Gregory alikuwa amekuta moreni za zamani kwenye mlima Kenya. Gregory alielekea kuamini kwamba mlima Kenya wenyewe ulikuwa mrefu zaidi zamani, na kwa sababu hiyo ulikuwa na barafu nyingi zaidi. Hakuona haja ya kuidhania dunia nzima kuwa ilipoa. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki kwa mlima mmoja. Lakini Meyer alipokuta jambo lile lile kwenye Kilimanjaro, volkeno nyingine yenye historia yake mbali, ilikuwa vigumu zaidi kusema kwamba kila mlima ulikuwa umepungua kimo kwa bahati. Matokeo yake aliyatoa mwaka 1900 katika kitabu kikubwa chenye ramani na picha za Platz.

Barafuto kadhaa za Kibo zilipewa na Meyer na Wajerumani waliomfuata majina ya wataalamu wa barafu: Credner wa Leipzig, Albrecht Penck aliyechunguza enzi za barafu za Alpi, na Erich von Drygalski, aliyekaa Greenland katika miaka ya 1891–1893 akipima mwendo wa barafu na baadaye, mwaka 1901, akaongoza msafara wa Kijerumani kwenda Antaktiki. Mtu anayesoma ramani ya zamani ya Kibo anasoma basi, bila kukusudia, orodha ya watu waliokuwa wakijadiliana wakati mmoja kuhusu barafu ya ncha za dunia na ya ikweta.

Ecuador

Ili kuhakikisha wazo lake, Meyer alihitaji milima mingine ya ikweta katika bara lingine. Mwaka 1903 alikwenda Ecuador pamoja na mchoraji Rudolf Reschreiter, akachunguza Chimborazo, Cotopaxi, Antisana na vilele vingine vya Andi. Huko nako alikuta hali ile ile: barafuto zilizokuwa zikirudi juu katika miaka ya karibuni, na chini yake moreni za zamani zilizoonyesha kwamba barafu iliwahi kuwa kubwa zaidi.

Tangu hapo Meyer alishikilia kwamba enzi ya barafu ilifika katika tropiki pia, na kwamba chanzo chake lazima kiwe cha dunia nzima. Kitabu chake kuhusu Andi za Ecuador kilitoka mwaka 1907. Alikuwa hana njia yoyote ya kupima umri wa moreni zake. Aliegemea ulinganifu: matuta ya Afrika, ya Amerika na ya Alpi yalifanana kwa hali yao, kwa mpangilio wao na kwa kiasi yalivyoliwa na mvua.

Bukoba na nchi ya maziwa makuu, 1911

Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 53, Meyer alirudi Afrika kwa mara ya mwisho ili kuchunguza nchi iliyo kati ya ziwa Viktoria Nyanza, ziwa Kivu na ziwa Tanganyika. Njia ya kawaida wakati huo ilikuwa reli ya Uganda kutoka Mombasa hadi Kisumu, kisha meli hadi Bukoba. Mji wa Bukoba ulianzishwa kama kituo cha Kijerumani na Emin Pasha mwaka 1890. Tangu 1906 sehemu hiyo ilitawaliwa kama residensi, kama vile Rwanda na Burundi, maana yake Wajerumani waliwaacha watawala wa kienyeji wa Wahaya kwenye viti vyao na kutawala kupitia kwao.

Kutoka huko Meyer alivuka Karagwe, akaingia Rwanda, akafika kwenye volkeno za Virunga na kuendelea Burundi. Ripoti ya safari ilitoka mwaka 1913, na mwaka 1916 alitoa kitabu kuhusu Warundi ambacho bado kinasomwa, kwa tahadhari, na wanahistoria wa Burundi. Tahadhari inahitajika kwa sababu Meyer aliwapanga watu katika tabaka za asili kwa namna iliyopendwa na wakoloni, na mawazo ya aina hiyo yalileta madhara makubwa katika nchi hizo baadaye.

Kuhusu barafu safari hii haikuwa na mengi, ila ilimpitisha katika nchi ambayo baadaye ilikuwa na neno kubwa katika swali lake. Katika miaka iliyofuata wanajiolojia wa Afrika ya Mashariki, akiwemo E. J. Wayland wa Uganda, waliamini kwamba kila enzi ya barafu ya kaskazini ililingana na kipindi cha mvua nyingi huku. Vipindi hivyo vilipewa majina, na cha kale zaidi kiliitwa kwa jina la mto Kagera. Kwa miongo kadhaa vitabu vya shule na vya akiolojia vilifundisha mpangilio huo.

Mpangilio huo haukusimama. Ziwa Viktoria Nyanza ni pana sana lakini lina kina cha takriban mita 80 tu, kwa hiyo upungufu wa mvua hulidhoofisha haraka. Watafiti walipotoboa matope ya chini ya ziwa walikuta tabaka la udongo mkavu wa nchi kavu, na katika miaka ya 1990 ilionekana wazi kwamba ziwa lilikuwa limekauka mwishoni mwa enzi ya barafu, hadi takriban miaka 15,000 iliyopita lilipoanza kujaa tena. Wakati barafu ilipofunika Kanada na Skandinavia na barafuto za Kilimanjaro zilipoteremka kwenye moreni alizozikuta Meyer, mtu aliyesimama kwenye vilima vya Kagoma, kati ya Bukoba na Muleba ya leo, asingeona maji upande wa mashariki bali nyika. Bahari nayo ilikuwa imeshuka kwa takriban mita 120, kwa sababu maji mengi yalikuwa yamegandishwa kwenye nchi kavu, na Unguja haikuwa kisiwa bali sehemu ya bara.

Kwa maneno mengine, Meyer alikuwa sahihi kwamba tropiki zilishiriki katika enzi ya barafu, lakini waliofuata walikosea walipodhani kwamba barafu nyingi mlimani ni ushahidi wa mvua nyingi tambarareni. Kulikuwa na baridi, na kulikuwa na ukame.

Profesa wa ukoloni

Tangu 1901 Meyer alikuwa katika baraza la kuishauri serikali ya Ujerumani kuhusu makoloni. Alihariri kitabu cha juzuu mbili kuhusu makoloni yote ya Kijerumani, kilichotoka 1909 na 1910, na aliandika juu ya reli za Afrika ya tropiki, akitaka zijengwe kwa ajili ya biashara na utawala. Mwaka 1915 alipewa kiti cha profesa wa jiografia ya makoloni katika Chuo Kikuu cha Leipzig.

Miaka michache baadaye Ujerumani ilishindwa vitani na kunyang'anywa makoloni yote. Meyer akawa profesa wa makoloni yasiyokuwepo tena. Hakubadili msimamo, alikuwa mmoja wa wale waliodai yarudishwe.

Alikuwa pia mkusanyaji mkubwa wa vitu vya Kiafrika, pamoja na kazi za shaba za Benin zilizoporwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897 na kuuzwa Ulaya. Sehemu ya mkusanyiko wake iliingia katika jumba la makumbusho la Leipzig, na mwaka 2022 Ujerumani ilikubali kurudisha umiliki wa kazi za Benin kwa Nigeria.

Alifariki Leipzig tarehe 5 Julai 1929. Sehemu ya nyaraka na picha zake imehifadhiwa katika taasisi ya jiografia ya mji huo.

Barafu ya Kibo baada ya Meyer

Mwaka 1912 Wajerumani wengine, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipiga picha za kupimia ramani ya Kilimanjaro. Kutokana na ramani yao eneo la barafu wakati huo linakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya kilomita za mraba 11. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Barafuto ya Ratzel, ambayo Meyer na Purtscheller waliikata ngazi, imetoweka, na majina mengine kadhaa yamebaki kwenye ramani tu.

Kuhusu sababu kuna mjadala ambao mara nyingi hufupishwa vibaya. Barafu ya Kibo inaishi juu sana, mahali ambapo hewa kwa kawaida iko chini ya sifuri, kwa hiyo sehemu kubwa hupotea kwa jua kuigeuza moja kwa moja kuwa mvuke na kwa kukosa theluji mpya ya kuifunika. Stefan Hastenrath, Georg Kaser, Thomas Mölg na wengine wameonyesha kwamba karibu na mwaka 1880 tabianchi ya Afrika ya Mashariki iligeuka ghafla kuwa kavu zaidi. Ushahidi mmojawapo ni viwango vya maziwa: ziwa Viktoria Nyanza lilikuwa limejaa sana katika miaka ya 1870, kisha maji yakashuka. Meyer alifika mlimani miaka michache tu baada ya mgeuko huo. Alichokiona mwaka 1898 kilikuwa barafu iliyokwisha kuanza kufa njaa, kwa ukame ule ule uliokuwa umerudisha nyuma maji kwenye fukwe za Bukoba. Kupanda kwa joto la dunia katika karne ya 20 kumeongezeka juu ya hali hiyo, wala hakuiondoi.

Mwaka 2000 Mmarekani Lonnie Thompson alitoboa barafu ya Kibo na kutoa nguzo sita. Kwa makadirio yake barafu ya chini kabisa ina umri wa miaka 11,700, yaani ilianza kujengeka mara baada ya enzi ya mwisho ya barafu kwisha. Watafiti wengine hawakubali. Wanadhani kwamba barafu ya juu ya Kibo imetoweka na kuzaliwa upya zaidi ya mara moja katika kipindi hicho. Umri wa moreni za zamani haubishaniwi kiasi hicho. Vipimo vya klorini-36 katika mawe ya Kilimanjaro na mlima Kenya vimeziweka moreni kubwa karibu na wakati ule ule ambapo barafu ya kaskazini ilifika kikomo chake, takriban miaka 20,000 iliyopita, jambo ambalo Meyer alikuwa amelisema bila kuwa na chombo chochote cha kulipima.

Majina

Kilele ambacho Meyer alikiita kwa jina la mfalme wake kinaitwa Uhuru tangu Tanganyika ilipojitawala mwezi Desemba 1961, wakati Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge hapo juu. Jina la Meyer mwenyewe limebaki kwenye kilele cha juu cha Mawenzi (mita 5,149), ambacho hakuwahi kukifikia, kwenye pango moja la njia ya Marangu kuelekea ukingo wa kasoko, na kwenye safu ya milima ya kisiwa cha New Ireland nchini Papua Guinea Mpya.